Bima ya afya inataka kujua nilivyoanguka na pikipiki ya porini. Nijibu nini bila kumchoma rafiki?

#1 Mwana_Kirua

Wakuu, habari za jioni. Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia bado umetundikwa kwenye kitambaa, kwa hiyo herufi zikiruka mnivumilie.

Nipo Columbus, Ohio, kazi yangu ni ya ghalani. Mwaka huu nilinunua pikipiki ya porini, zile nyepesi zenye matairi ya meno, hazina taa wala namba. Wa Bongo mkumbuke zile Yamaha DT za mabwana shamba, halafu mzipunguze uzito na akili. Jumapili ya mwisho ya Agosti tulikuwa shambani kwa rafiki yangu mmoja Mkenya, ana ekari kama ishirini nje ya mji. Nyama ziko motoni, watoto wanakimbizana. Nikapanda kilima kidogo nyuma ya zizi, nikavuta mafuta, tairi la mbele likazama kwenye mtaro uliochimbwa na mvua na kufunikwa na nyasi. Nilisikia "ka!" kabla sijasikia maumivu. Mtulinga umevunjika vipande vitatu. Ambulansi, chumba cha dharura, siku ya tatu upasuaji: bamba moja, skrubu saba.

Sasa nije kwenye mada. Wiki tatu baadaye ikaja barua. Haikutoka bima yangu, ilitoka kampuni ambayo sijawahi kuisikia, inasema inafanya kazi kwa niaba ya bima. Maswali kurasa mbili. Uliumia lini na wapi? Ulikuwa kazini? Kulikuwa na chombo cha moto? Eneo ni mali ya nani, jina lake, anwani yake, bima yake ya nyumba ni ya kampuni gani? Umeweka wakili?

Wife akaibandika kwenye friji kwa ile sumaku ya mlima Kilimanjaro, nikawa naitazama kila nikitoa maziwa. Ikaja ya pili, nayo ikabandikwa juu ya ya kwanza. Wiki hii imekuja bili ya hospitali: dola 38,412. Bima imelipa sifuri.

Shemeji anasema niandike nilianguka ngazini nyumbani, biashara iishe. Na mimi mwenye shamba siwezi kumtaja kirahisi hivyo. Ni mtu aliyenipokea uwanja wa ndege nikiwa na begi moja na koti la Kariakoo, theluji imefika magotini. Nimwandike kwenye fomu ya wanasheria?

Wenye uzoefu naombeni msaada, nimepewa siku 30 na zimeshapita.

#2 Nawahi_Siti

Nimewahi siti ya dirishani. Pole sana mkuu. Uzi bila picha ya skrubu lakini...

#3 Kijana_wa_Buza

Kwa hiyo huko hata ukianguka mwenyewe unaulizwa umeanguka kwa nani? Huku kwetu ni PF3 tu, ukishaipata kwa afande mambo yanaenda. Pole kiongozi.

#4 Mwana_Kirua

@Nawahi_Siti niliweka picha ya eksirei, moderata kaitoa kwa sababu jina langu lilikuwa pembeni. Kanisaidia, sikuliona.

@Kijana_wa_Buza wewe cheka tu. Hiyo 38,412 igeuze shilingi halafu urudi hapa.

#5 Mama_Misimbo

Mwanangu pole, na usilie kwanza. Nina miaka kumi na moja kwenye ofisi ya madai ya hospitali, Minnesota. Kazi yangu ni kugeuza maneno ya daktari kuwa misimbo, yaani vifupisho vya herufi na namba, na kila wiki nakutana na mtu mwenye barua yako.

Hiyo barua haijaja kwa sababu wanakushuku. Imetumwa na kompyuta. Ulipofika chumba cha dharura, mtu kama mimi aliandika kwamba mtulinga umevunjika, msimbo unaoanza na S42.0. Misimbo ya S na T ni ya majeraha. Dai lenye msimbo wa S likiingia kwenye mfumo wa bima, mashine inauliza: kuna mtu mwingine anayepaswa kulipa hili? Ukiumia kazini, alipe bima ya mwajiri. Ukigongwa na gari, ilipe bima ya gari. Ukiteleza dukani, alipe mwenye duka. Bima ya afya haitaki kubeba mzigo wa mwenzake, na kama imeshalipa, ina haki ya kumfuata aliyesababisha irudishiwe. Kuna kampuni zinazoishi kwa kazi hiyo tu, ndiyo maana jina lililo kwenye bahasha hulijui.

Sasa tazama ile karatasi ya mchanganuo bima iliyokutumia (si bili ya hospitali, ni ile imeandikwa kwamba hii si bili). Kwenye safu ya sababu pengine utakuta namba 227. Hiyo 227 maana yake taarifa iliyoombwa kwa mgonjwa haikuletwa au haijitoshelezi. Maana yake si kwamba ajali yako hailipwi. Wameuliza, hukujibu, wakafunga droo. Ukijibu, droo inafunguliwa na dai linapitiwa upya.

Nimeona watu wakipelekwa kwa wakusanya madeni kwa bili ambayo bima ingelipa karibu yote, kisa karatasi ya kurasa mbili iko kwenye friji.

Fanya haya kesho asubuhi. Geuza kadi yako ya bima, piga namba iliyo nyuma ya KADI, usipige ya kwenye barua. Waulize kama hiyo kampuni ni yao kweli, maana matapeli nao wanajua kuandika barua. Wakikubali, omba uwezekano wa kujaza mtandaoni au kwa barua. Halafu piga ofisi ya malipo ya hospitali, waambie bima inapitia dai upya, waisimamishe akaunti yako kwa siku 60. Wanakubali, tunafanya hivyo kila siku. Andika jina la kila uliyeongea naye, saa, na namba ya kumbukumbu.

#6 Simba_wa_Texas

Mama kaeleza vizuri lakini mimi nipo na shemeji. Hawa jamaa ukiwapa kamba watakunyonga nayo. Andika ngazi, weka sahihi, lala. Nani atakuja kuhesabu ngazi zako?

#7 Mama_Misimbo

@Simba_wa_Texas hawana haja ya kuja kuhesabu, mimi nimeshawaambia. Mbali na msimbo wa mfupa, kuna misimbo ya chanzo cha ajali. Mwendeshaji wa pikipiki ya porini aliyeumia nje ya barabara ana wake peke yake: V86.56XA. Hiyo A ya mwisho maana yake bado yuko kwenye matibabu ya kwanza ya jeraha lenyewe. Ule msimbo umeingia kwenye dai siku ileile, pamoja na maelezo ya watu wa ambulansi ambao kwa kawaida huandika kila kitu mpaka rangi ya helmeti. Leo akiandika ngazi, karatasi mbili zinapingana na moja ina sahihi yake. Hapo ndipo barua ya mashine inageuka kuwa barua ya binadamu.

Halafu niulize, hizo ngazi ni za nani? Mleta mada amesema anafanya kazi ghalani, nadhani anapanga. Akiandika ngazi za nyumba ya kupanga, wataanza kumtafuta mwenye nyumba: ngazi ilikuwa na taa? ilikuwa na kishikio? Kumkwepa rafiki ameenda kumchoma baba mwenye nyumba.

#8 Nawahi_Siti

😂😂 Shemeji akamatwe.

#9 Njagi_Dallas

Pole sana bro. Mimi yalinikuta, siyo pikipiki, ni kijana wangu alivunjika mguu pale watoto wanaruka kwa neti. Niliona ni jambo ndogo, nikapiga ile simu ya kwa barua. Mama wa upande ile nyingine sauti tamu kabisa, akaniambia hii call inarekodiwa, niko sawa? Nikasema sawa. Nikaongea dakika arobaini. Nikaeleza mpaka vile shemasi wetu alikuwa ameniambia nisimpeleke huko. Nikasema "nafikiri" mara ngapi sijui. Baadaye wakanitumia barua wakinukuu zile "nafikiri" zangu zote.

Advice yangu ni moja tu: jibu kwa maandishi. Maandishi unasoma mara tatu kabla ya kutuma. Na usiweke "nafikiri". Kitu hujui, andika sijui.

#10 Dola_Kwanza

Wote mnazunguka mbuyu. Mkuu umeanguka kwenye mtaro uliofichwa na nyasi kwenye shamba la mtu. Hiyo ni kesi. Tafuta wakili wa mabango ya barabarani, hachukui hela mpaka ushinde, na atakayelipa ni bima ya nyumba ya huyo Mkenya, si yeye mfukoni. Urafiki utabaki palepale, na wewe unaondoka na chochote.

#11 Mwana_Kirua

@Dola_Kwanza nimekuelewa ila hapana. Nilimwomba mwenyewe nilete pikipiki. Aliniambia "nyuma ya zizi sijakata nyasi, zunguka na huku mbele." Niliyasikia hayo maneno na masikio yangu mawili. Leo nisimame mbele ya hakimu niseme shamba lilinitega?

Ila swali langu liko palepale: nikimtaja kwenye fomu si ndiyo nimempeleka?

#12 Mzee_wa_Vifungu

Nimesoma uzi wote nikiwa kwenye treni, naomba nichangie. Sheria nilisoma Mlimani. Huku ninafanya kazi ya kusimamia mafao ya wafanyakazi, si wakili wa jimbo lolote, lieleweke hivyo.

Kwanza jiulize bima yako ni ya namna gani. Kampuni kubwa nyingi hazinunui bima, zinalipa matibabu ya wafanyakazi kutoka mfukoni mwao na kampuni ya bima ni karani tu mwenye nembo kwenye kadi. Mipango ya hivyo inatawaliwa na sheria ya taifa iitwayo ERISA ya mwaka 1974, na sheria za jimbo kuhusu bima haziigusi. Muulize mwajiri swali moja: mpango wetu unajilipia wenyewe au umekatiwa bima? Kisha omba kwa maandishi ile katiba ya mpango, kijitabu kinachoeleza kinacholipwa na kisicholipwa. Msimamizi ana siku 30 kukupatia, na akizembea mahakama inaweza kumtoza hadi dola 110 kwa siku. Watu hawaombi. Omba.

Pili, muda. Usichanganyikiwe na hizo siku 30 za kwenye barua. Chini ya ERISA, wakihitaji taarifa kutoka kwako ili waamue dai la matibabu yaliyokwisha kutolewa, wanatakiwa wakupe angalau siku 45. Na wakishakataa, una siku 180 za kukata rufaa tangu upokee barua ya kukataliwa, nao wana siku 60 kuijibu ikiwa rufaa ni ya hatua moja. Kwa hiyo hujachelewa, umejichelewesha tu.

Tatu, ndugu yangu Dola_Kwanza. Hesabu yako ina shimo. Mpango wa mwajiri ukilipa matibabu na wewe ukapata fidia kwa mtu mwingine, mpango unarudi kudai chake kwanza. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya US Airways dhidi ya McCutchen: mtu aligongwa na gari, mpango ukalipa dola 66,866 za matibabu, yeye akapata fidia ya jumla dola 110,000, ambayo haikufikia hata hasara aliyopata. Mpango ukadai 66,866 zote. Mahakama ikasema maneno ya mpango ndiyo yanayotawala, huruma haiyafuti, ingawa pale mpango uliponyamaza kuhusu gharama za wakili, gharama hizo zigawanywe. Sasa piga hesabu: mpango uchukue chake, wakili achukue theluthi, kinachobaki ndicho ukagawane na rafiki uliyempoteza.

Nne, na hili ndilo ulilouliza. Kumtaja mwenye ardhi si kumshtaki. Fomu inauliza ardhi ni ya nani, unajibu ni ya fulani. Kama hakufanya kosa, hakuna wa kudaiwa. Na Ohio wana kifungu 1533.181, sheria ya watu wanaoingia kwenye ardhi kwa burudani. Mtu akiingia kwa ruhusa yako, bila kukulipa, kuwinda, kuvua au kuendesha chombo cha porini, huna wajibu kwake wa kuhakikisha eneo ni salama. Bunge lao liliona bila hivyo wakulima wangefunga mageti yote. Anayetaka kumdai rafiki yako kwa mtaro wa mvua ana mlima mrefu, na kampuni za kufuatilia fidia hazipandi milima mirefu kwa mtulinga mmoja.

Unachotakiwa kufanya kabla ya kujaza: mpigie rafiki yako. Asije akapata barua ya bima yako kabla hajasikia sauti yako.

#13 Kijana_wa_Buza

"Bila kukulipa." Mkuu, ulichangia nyama? Hicho si kiingilio?

#14 Mwana_Kirua

Nilipeleka soda 😅

#15 Bi_Zamzam

Samahani, naomba kuuliza pembeni. Mpango wa kazini kwa mume wangu umeandikwa haulipi majeraha ya mashindano ya vyombo vya moto. Yeye anacheza hizo pikipiki Jumamosi, si mashindano, ila kuna mwenye saa anahesabu dakika. Hiyo inaruhusiwa kweli? Nilidhani sheria imekataza kumbagua mtu kwa michezo yake.

#16 Mzee_wa_Vifungu

@Bi_Zamzam swali zuri kuliko unavyodhani. Kanuni za HIPAA, sheria ya 1996, zinakataza mpango wa mwajiri kumnyima mtu uanachama au kumtoza zaidi kwa sababu anaendesha pikipiki, anateleza kwenye theluji au anapanda farasi. Hayo yametajwa waziwazi. Ila kanuni hizohizo zinauruhusu mpango kutolipa jeraha lililotokana na shughuli fulani, mradi katazo liwahusu wote walio kundi moja. Kwa maneno mengine hawawezi kumfungia mlango, lakini wanaweza kumwandikia mlangoni kwamba chumba kile hakiingiwi. Kuna mwiko mmoja: jeraha likitokana na ugonjwa (mtu kapata kifafa akaanguka) au ukatili wa nyumbani, kisingizio cha chanzo hakitumiki.

Kwa hiyo neno "mashindano" ndilo lililobeba kila kitu. Soma katiba yao wamelifafanuaje. Na huyo mwenye saa apumzike.

Mleta mada, na wewe angalia hilo kwenye kijitabu chako. Angalia pia kipengele cha kileo. Mipango mingine inakataa majeraha ya mtu aliyelewa.

#17 Mwana_Kirua

Kileo hapana, nilikuwa nabeba watoto jioni ile. Kijitabu nimeomba leo kwa barua pepe kwa ofisi ya rasilimali watu. Dada wa pale kanijibu "kipi?" Nikamwandikia tena jina kamili kama Mzee alivyosema. Akasema ndani ya miaka yake minne mimi ni wa kwanza kukiomba.

#18 Mwana_Kirua

MREJESHO WA KWANZA

Nilianza na rafiki yangu. Nilimpigia Jumamosi, nikazunguka sana, habari za mifugo, habari za mahindi, mpaka akaniuliza, "Wewe, unataka pesa?" Nikamweleza. Akanyamaza. Nikasikia mlango wa gari unafungwa, kumbe katoka nje mkewe asisikie. Akasema, "Andika jina langu lote, na la kati uandike. Lakini hii kitu ungeniambia mwezi wa tisa." Hilo la mwisho limenikaa mpaka leo.

Jumatatu nikapiga namba ya nyuma ya kadi. Dakika 34 za muziki uleule. Kijana akathibitisha ile kampuni ni yao. Na kweli sababu ilikuwa 227, Mama_Misimbo nakuvulia kofia. Nikauliza kama naweza kujaza mtandaoni, akanipa namba ya faili, nikaingia.

Nilipofika kwenye kile kisanduku cha "eleza kwa maneno yako jinsi ulivyoumia" niliandika insha. Asubuhi jua, mbuzi, watoto, nyasi ndefu ambazo pengine zingekatwa. Nikasoma. Nikaona "pengine zingekatwa" inamnyooshea rafiki yangu kidole na mimi sikukusudia. Nikafuta yote. Nikabakiza hivi:

"Jumapili tarehe ile, saa tisa alasiri, nilikuwa naendesha pikipiki yangu mwenyewe ya porini kwenye shamba binafsi kwa ruhusa ya mwenye shamba, bila malipo, kwa burudani. Tairi la mbele liliingia kwenye mtaro wa asili nikaanguka. Hakuna mtu wala chombo kingine kilichohusika. Sikuwa kazini. Haikuwa barabara ya umma. Haikuwa mashindano. Sijaweka wakili na sina dai dhidi ya mtu yeyote."

Kwa Kiingereza bila shaka, lakini ndiyo hayo. Jina la mwenye shamba nikaweka, na la kati. Bima yake ya nyumba nikaandika sijui, maana kweli sijui na sikumuuliza. Bima ya gari langu nikaijaza ilipoulizwa, ingawa haihusiki. Nikapiga picha kila ukurasa kabla ya kubonyeza tuma.

Hospitali wamesimamisha akaunti siku 60. Dada wa pale alikuwa mwema, akaniambia pia kwamba kwa kuwa wao ni hospitali isiyo ya faida, kuna fomu ya msaada kwa wenye kipato kidogo, na sheria inanipa siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya kutoka. Nimeichukua.

#19 Mama_Misimbo

Umeandika vizuri mwanangu. Hilo la "hakuna mtu wala chombo kingine kilichohusika" ndilo wanalolitafuta, wakilipata faili haina pa kwenda. Ile fomu ya msaada uijaze hata bima ikilipa, kwa sababu fungu lako litabaki kubwa.

#20 Simba_wa_Texas

Naona mmenishinda. Lakini shemeji yako bado namheshimu, ni mtu wa suluhisho.

#21 Njagi_Dallas

Na hiyo dakika 34 ya muziki uliweka spika ama ulishikilia simu kwa sikio? Mimi shingo yangu haijawahi rudi sawa.

#22 Mwana_Kirua

MREJESHO WA PILI

Samahani kwa ukimya, nilirudishwa kazi nyepesi, nabandika lebo.

Wiki tano baada ya kutuma fomu, mchanganuo mpya umekuja. Ile 38,412 bima imeikata mpaka 21,300 kwa bei waliyokubaliana na hospitali. Nikaanza kupiga hesabu mezani, wife ananisomea. Elfu tatu za kwanza nalipa mimi kabla bima haijaanza kulipa, zinabaki 18,300. Asilimia ishirini yake nayo ni yangu, 3,660. Jumla 6,660. Lakini mpango wetu una ukomo wa 6,500 kwa mwaka kwa kile ninacholipa mimi, kwa hiyo pale ndipo panapoishia. Nyingine bima. Kutoka 38,412 kwa kurasa mbili zilizokaa kwenye friji! Fomu ya msaada imepunguza tena, nalipa kidogokidogo kila mwezi bila riba.

Kilichonishinda ni ambulansi. Walidai 1,870, bima ikalipa 1,020, na 850 zilizobaki wananidai mimi kwa sababu hawana mkataba na bima yangu. Nikawarushia ile sheria ya bili za kushtukiza iliyoanza Januari 2022, nikajiona mwanasheria. Kumbe inalinda chumba cha dharura na ambulansi za ndege, za barabarani zimeachwa nje. Ningebebwa kwa helikopta ningekuwa salama zaidi kisheria.

#23 Mzee_wa_Vifungu

Ni kweli ziliachwa. Baadhi ya majimbo yana sheria yake kuhusu hilo, ila kama mpango wenu unajilipia wenyewe, ya jimbo haiufungi. Kata rufaa kwa mpango, sema ilikuwa dharura na hukuchagua gari, waombe walipe kama mwenye mkataba. Huku ukiwapigia wenye ambulansi uombe wapunguze. Kijitabu kilikuja?

#24 Mwana_Kirua

Kilikuja siku ya 26, kurasa 141. Unajilipia wenyewe, kama ulivyohisi. Katazo la mashindano lipo, ukurasa wa 88. La kuendesha kwa burudani halipo. Nilivyosoma pale nilitoka jasho, kwa sababu kwenye ile insha yangu ya kwanza niliyoifuta nilikuwa nimeandika kwamba tulikuwa tunashindana na kijana wa jirani nani atafika juu kwanza. Ulikuwa utani tu, kijana mwenyewe alikuwa kwa miguu.

Rufaa ya ambulansi nimetuma. Wenye ambulansi wameshusha hadi 500 nikilipa mara moja.

#25 Bi_Zamzam

Na rafiki yako alipata barua?

#26 Mwana_Kirua

Alipata moja. Ilimuuliza kama ana bima ya nyumba na kama anajua lolote kuhusu tukio. Alijibu kwa mkono, mistari mitatu, akanipigia picha kabla ya kutuma. Mstari wa pili ameandika: "Nilimwambia asipite huko." Baada ya hapo ile kampuni ikaniandikia kwamba faili limefungwa.

Jumapili iliyopita nilienda kwake na mbuzi mzima, safari hii si soda. Mkewe alinipokea vizuri, ingawa alinikumbusha mara mbili kwamba barua ya bima ilifika siku ya harusi ya dada yake. Nyuma ya zizi ule mtaro umefukiwa kwa kokoto, na amekata nyasi mpaka chini.

#27 Kijana_wa_Buza

Pikipiki iko wapi? Unauza bei gani?

#28 Mwana_Kirua

Iko kwake, kwenye zizi. Kanyofoa plagi akaificha. Anasema mpaka nimwonyeshe ukurasa wa 88.